Sura ya Nne: Jirani na Boma

Ukitoka Singida mjini kuelekea kaskazini mashariki, ukaipita Ilongero na kuingia wilaya ya Mkalama, unafika katika nchi ambayo wanaisimu wameiandikia mengi, ingawa wenyeji wake hawajaambiwa sana habari hizo. Wanyaturu unawaacha nyuma yako. Mbele yako wapo Wanyiramba na Waisanzu, ambao lugha zao, kama Kinyaturu, ni za Kibantu. Porini na kwenye mbuga za malisho wapo Wadatoga, ambao wengi hapa huwaita Wataturu au Wabarbaig. Lugha yao ni ya Kiniloti, ndugu wa Kikalenjin cha Kenya. Wairaqw, ambao Singida tumezoea kuwaita Wambulu, wameteremka kutoka nyanda za juu za Mbulu na lugha ya Kikushi ambayo asili yake ni upande wa Ethiopia. Na katika kijiji cha Munguli, kuelekea Ziwa Eyasi, wapo Wahadzabe, ambao maneno yao yana sauti za kidoko, zile zinazotoka kwa kubandua ulimi kwenye kaakaa au kwenye meno.

Mwaka 1963, mwaka uleule ambao Singida ilifanywa mkoa, Mmarekani Joseph Greenberg alichapisha kitabu kilichogawa lugha zote za Afrika katika familia nne. Zote nne zinakutana hapa katikati ya Tanzania, na hakuna mahali pengine barani zinapokutana hivyo. Baadaye wataalamu wengi walikitoa Kihadzabe katika familia aliyokiweka Greenberg, wakasema hakina ndugu anayejulikana duniani. Marekebisho hayo hayakuipunguzia nchi hii chochote, yameiongezea.

Ninataka kuisimulia historia ya Kiingereza nikiwa nimesimama hapa. Shuleni tunafundishwa Kiingereza kama kitu kilichozaliwa kikiwa kamili, kikavaa suti, kikapanda meli na kuja kutusahihisha. Ukweli ni kwamba kwa karne nyingi kilikuwa lugha ya wakulima na wachungaji kwenye kisiwa cha pembezoni, kikavamiwa, kikadharauliwa, na kufukuzwa mahakamani katika nchi yake chenyewe. Mkazi wa Singida ana nafasi nzuri ya kuielewa historia hiyo kuliko watu wengi, maana nguvu zilizokiumba Kiingereza ndizo ambazo yeye anaishi nazo.

Nguvu hizo, kwa jinsi ninavyoziona, ni mbili: jirani na boma. Boma ni mtawala, na askari wake, karani wake na hakimu wake. Huacha maneno mengi sana katika lugha ya wanaotawaliwa, kisha huondoka. Jirani huacha maneno machache, lakini huingia mpaka kwenye sarufi, na akishaingia hatoki tena.

Tuanze na kisiwa chenyewe. Kwa mapokeo yaliyoandikwa na mtawa Bede, watu wa makabila ya Waangli, Wasaksoni na Wajuti walianza kuingia Uingereza mwaka 449, wakitokea sehemu ambazo leo ni Denmark na Ujerumani kaskazini. Ndugu wa karibu kabisa wa lugha waliyokuja nayo yupo mpaka leo: ni Kifrisia, kinachozungumzwa kaskazini mwa Uholanzi. Waliowakuta kisiwani walikuwa Waselti, na lugha ya Waselti ilisukumwa hadi magharibi. Iliacha majina ya mito, kama Thames na Avon, na maneno ya kuhesabika.

Hali hiyo hatuhitaji kwenda mbali kuiona. Kabla Wabantu hawajafika katikati ya Tanzania walikuwapo wafugaji wa lugha za Kikushi, na kabla yao wawindaji. Baadhi ya lugha zao zimebaki, nyingine zimezimika hivi karibuni tu. Kikw'adza, lugha ya Kikushi iliyokuwa ikizungumzwa upande wa Mpwapwa, ilikufa katika karne ya 20, wakati redio zilikwisha kufika vijijini. Kialagwa cha Kondoa kimekuwa kikipungua huku wenyewe wakihamia Kirangi. Anayesoma kwamba Kiselti kilitoweka mashariki mwa Uingereza asidhani ni habari ya kale isiyorudiwa.

Kisha akaja jirani. Mwaka 793 mabaharia kutoka Skandinavia waliivamia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Kwa miaka mingi iliyofuata walikuwa wanyang'anyi. Lakini mwaka 865 lilikuja jeshi kubwa ambalo halikurudi kwao, na hata baada ya Mfalme Alfred kulishinda mwaka 878, sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki ilibaki mikononi mwa Wadenmaki. Wakagawana mashamba, wakaoa wenyeji, wakalima. Mwaka 1016 Mdenmaki, Cnut, akawa mfalme wa Uingereza yote, ila kilichotokea katika lugha hakikuamriwa na mfalme yeyote. Kilitokea kisimani, sokoni na jikoni.

Kiingereza cha wakati huo kilikuwa na sarufi nzito. Kilikuwa na ngeli tatu za majina, na kila jina lilibadilisha mwisho wake kulingana na kazi yake katika sentensi. Lugha ya Wadenmaki nayo ilikuwa hivyo. Mizizi ya maneno katika lugha hizi mbili ilifanana sana, miisho ndiyo iliyotofautiana. Mnyaturu na Mnyiramba wanaopatana bei ya mbuzi wanaijua hali hiyo: kila mmoja anaukamata mzizi wa neno la mwenzake, na viambishi anavipita tu kwa sababu vinamchanganya. Watu wakiishi namna hiyo kizazi baada ya kizazi, watoto wao hukua wakisikia miisho ikitamkwa nusunusu, na mwishowe hawaitamki kabisa. Watawa wa Peterborough, mji uliokuwa ndani ya eneo la Wadenmaki, waliandika kumbukumbu za mwaka hadi mwaka mpaka 1154. Katika kurasa zao za mwisho unaona miisho ya kale ikiwa imeporomoka, na ngeli zikiyeyuka. Wataalamu wanabishana ni kiasi gani cha mabadiliko hayo kilisababishwa na Wadenmaki na kiasi gani kilikwisha kuanza chenyewe, lakini ukweli kwamba yalitangulia kaskazini na mashariki, mahali walipoishi pamoja, una uzito wake.

Jambo linalonishangaza kuliko yote ni viwakilishi. Lugha hukopa jina la chombo kipya au chakula kigeni bila shida. Kukopa neno la kusema "wao" ni jambo la nadra mno. Kiingereza kilikopa. They, them na their, maneno ambayo mtoto wa darasa la tatu Kiomboi anayakariri leo, yote matatu ni ya Wadenmaki. Yalianzia kaskazini na kuteremka polepole kuelekea London. Chaucer, mshairi aliyefariki mwaka 1400, aliandika they kama sisi, lakini kwa yale mawili mengine bado alitumia maneno ya wenyeji. Mkopo huo ulichukua mamia ya miaka kukamilika, na hakuna aliyeusimamia.

Sasa tazama Mkalama na nchi zinazopakana nayo. Mwaka 2008 wanaisimu watatu, Roland Kießling, Maarten Mous na Derek Nurse, walichapisha utafiti kuhusu lugha za Bonde la Ufa la Tanzania, zikiwamo za Singida. Walieleza kwamba lugha hizi zisizo na nasaba moja zimekuja kufanana katika mambo ya ndani kabisa: jinsi zinavyopanga vipande vinavyotangulia kitenzi, na jinsi zinavyotofautisha nyakati. Mfano ulio maarufu upo mashariki yetu, kwa Warangi wa Kondoa. Kirangi ni Kibantu kama Kinyaturu. Katika lugha za Kibantu kitenzi kisaidizi hutangulia na kitenzi kikuu hufuata. Mswahili husema "nitakuwa nikilima". Kirangi, kikizungumzia wakati ujao, huanza na "kulima" na kumalizia na kisaidizi. Kimbugwe, kilichoko mbali zaidi kaskazini, hufanya vilevile. Kwa Wabantu huo ni mpangilio adimu sana, na baadhi ya wataalamu wanauhusisha na majirani Wakushi waliooana na Warangi na kuhamia lugha yao, wakija na mazoea ya lugha ya mama zao.

Mama ndiye ninayemfikiria kila ninapozisoma habari hizi. Mwanamke wa Kidatoga anaolewa kwa Waisanzu. Kwa miaka michache anajifunza Kiisanzu, anakimudu vizuri, ila anapanga sentensi kwa namna yake. Watoto wake hawajui kwamba hiyo ni namna ya kigeni. Kwao ndiyo lugha yenyewe. Wakiwa wengi wa aina yao katika kijiji, namna ya mama inakuwa namna ya kijiji.

Kwa maneno ya kawaida, alama ya jirani inaonekana wazi zaidi kwa Wahadzabe. Kihadzabe kina neno lake la moja na neno lake la mbili. Tatu ni neno la Kidatoga. Nne, tano na kumi yametoka kwa Wasukuma. Ukizipanga hesabu hizo unapata orodha ya watu waliofanya nao biashara. Asione mtu kwamba huo ni upungufu. Waingereza nao walikuwa na neno lao la kusema "wa pili", wakaliacha wakatwaa second la Kifaransa, na mpaka leo hawajalirudia lao.

Nenda kwenye mnada wowote wa ng'ombe katika wilaya hizi, usimame karibu na madalali. Mzee wa Kidatoga ameegemea fimbo yake, ng'ombe wake wako nyuma yake na vijana wake kando. Mnunuzi Mnyaturu anauliza bei kwa Kiswahili. Mzee anajibu kwa Kiswahili kifupi, kisha anageuka na kusema na vijana wake kwa Kidatoga, sentensi ndefu, na wote wanamtazama ng'ombe mmoja. Dalali, ambaye anazijua lugha zote zinazohusika, anacheka kabla mnunuzi hajajua kimesemwa nini. Bei inapanda. Watu wa namna ya huyo dalali ndio waliokuwa wakiishi mpakani mwa Waingereza na Wadenmaki katika karne ya 10, na majina yao hayamo katika kitabu chochote cha historia.

Boma lilikuja Uingereza Oktoba 1066. William, mtawala wa Normandia, alivuka bahari kutoka Ufaransa na kumuua Mfalme Harold katika vita vya Hastings. Miaka 20 baadaye, William alipoagiza ardhi yote ihesabiwe na kuandikwa, karibu wenye mashamba makubwa wote walikuwa wageni. Kifaransa kikawa lugha ya ikulu, ya mahakama na ya watu wenye cheo. Kilatini kilibaki kanisani na kwenye maandishi rasmi. Kiingereza kilirudi vijijini kwa wenye majembe, kikakaa karibu miaka 300 bila heshima.

Kilipoibuka kilikuwa kimejaa maneno ya boma. Court, judge, prison, crime, tax, parliament, government, yote ni Kifaransa. Zaidi ya nusu ya maneno yaliyomo katika kamusi ya Kiingereza leo yametoka Kifaransa na Kilatini. Mswahili asiwacheke. Serikali ni neno la Kiajemi. Sheria, hakimu na mahakama ni ya Kiarabu. Gereza tulilipata kwa Wareno. Jela kwa Waingereza. Boma halina jina la kienyeji karibu popote duniani. Lakini angalia kilichobaki chini yake. Tunasema "mahakimu wawili wamefika", na "hakimu" huyo wa Kiarabu ametiwa katika ngeli, akapewa wingi na upatanisho wa kisarufi kama mtu aliyezaliwa Kibantu. Kiingereza nacho, pamoja na shehena yote ya Kifaransa, ukiyahesabu maneno yake yanayotumika mara nyingi zaidi, yale madogo yanayounganisha sentensi, karibu yote ni ya wenyeji na ya jirani Mdenmaki.

Singida ilipata boma kwa hatua. Katika karne ya 19 misafara ya Bagamoyo ilipita kusini mwa mkoa huu ikielekea Tabora, ikavuka Mgunda Mkali, pori kavu lililoogopwa kati ya Ugogo na Unyanyembe. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipita huko mwaka 1857. Kiswahili kilisafiri na wapagazi hao. Wajerumani walipojenga boma lao Kilimatinde, katika Manyoni ya leo, walikuta lugha hiyo ikiwa tayari, wakaitumia kutawala kupitia maakida na makarani. Mwaka 1909 mgodi wa dhahabu wa Sekenke ulifunguliwa huko Iramba, na mwaka 1912 reli ya kati ikafika Tabora. Mgodini na relini walikusanyika watu wasioelewana kwa lugha za kwao, na Kiswahili kikaota mizizi.

Kuna kumbukumbu moja ya boma hilo ambayo kila Mnyiramba angestahili kuishika mkononi. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliokuwa wamezingirwa na kuishiwa fedha walifua sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli Tabora. Dhahabu ilitoka Sekenke. Upande mmoja walichora tembo mbele ya mlima; jina la koloni waliliandika kwa Kijerumani. Septemba mwaka huohuo Tabora ikatekwa na Wabelgiji, na kabla ya hapo Waingereza walikuwa wamekwisha kuichukua Kondoa na kuteremka kwenye reli. Utawala wa Kijerumani ukaisha. Uliacha nini katika lugha? "Shule", neno la Kijerumani kabisa. "Hela", jina la senti yao. Na mengine machache. Hakuna hata kipande kimoja cha sarufi.

Waingereza wakaingia na lugha yao, na hapa ndipo historia ya Uingereza inapotugusa kwa karibu. Mwaka 1362, wakati wa Mfalme Edward III, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba kesi zisikilizwe kwa Kiingereza. Sababu iliyotolewa ni kwamba watu walikuwa hawakijui Kifaransa, hivyo walishtakiwa na kuhukumiwa pasipo kuelewa yaliyosemwa na mawakili wao wenyewe. Sheria hiyo iliandikwa kwa Kifaransa. Mawakili waliendelea kutumia Kifaransa chao cha vitabuni kwa vizazi vingi, na kumbukumbu za mahakama ziliendelea kuandikwa kwa Kilatini. Ilihitajika sheria nyingine, iliyoanza kutumika mwaka 1733, ndipo Kiingereza kikawa lugha ya maandishi ya mahakama za Uingereza. Kutoka 1362 mpaka 1733 ni miaka 371.

Tanzania ilifanya marekebisho ya sheria mwaka 2021 na kukitamka Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kabla ya hapo mkulima wa vitunguu aliyekuwa na kesi ya shamba angeweza kueleza habari yake kwa Kiswahili katika chumba cha mahakama, kisha hukumu ikaandikwa kwa lugha asiyoisoma, na kama alitaka kukata rufaa alimlipa mtu amsomee kile alichohukumiwa. Ninapowasikia mawakili wetu wakilalamika kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha, nawakumbuka mawakili wa London wa karne ya 14. Kiingereza chao nacho hakikuwa na istilahi hizo, kwa sababu hakikuwa kimepewa kazi hiyo.

Kuna mtu wa tatu ambaye si jirani wala boma, ingawa mara nyingi hulala bomani: mwandishi. Yeye habadilishi lugha sana. Huisimamisha.

Wamisionari waliofika Uingereza mwaka 597 walileta herufi za Kilatini, ambazo hazikutosha. Kilatini hakikuwa na sauti ya th, na Kiingereza kilikuwa nayo kila mahali. Wenyeji wakachukua herufi kutoka alfabeti yao ya kale, wakaitia kati ya zile za Kirumi, wakaandika nayo kwa karne nyingi. William Caxton alipofungua mtambo wa kwanza wa kuchapa Uingereza, mwaka 1476 huko Westminster, herufi za chuma zilitoka bara la Ulaya na hiyo haikuwamo. Wachapaji wakaziba pengo kwa herufi nyingine, wakati mwingine y, na herufi ya wenyeji ikafa. Kinyaturu kina jambo la namna hiyo. Kina irabu saba, na kinatofautisha maneno kwa toni, mambo mawili ambayo Kiswahili chenye irabu tano hakina. Anayekiandika kwa herufi za Kiswahili hulazimika kuandika maneno mawili tofauti kwa namna moja. Howard Olson, mmisionari wa Kilutheri kutoka Marekani, alichapisha uchambuzi wa sauti na maumbo ya lugha hii mwaka 1964 kwa jina ambalo wenyewe huipa, Kirimi, na irabu hizo alizipa nafasi yake. Ninaamini uandishi wa kila siku wa Kinyaturu ulistahili kumfuata.

Caxton mwenyewe alisimulia kisa ambacho mtu wa Singida hahitaji kufafanuliwa. Wafanyabiashara kutoka kaskazini walikwama na merikebu yao mtoni Thames kwa kukosa upepo. Wakashuka nchi kavu upande wa Kent, na mmoja akamwomba mama mmoja amuuzie mayai. Alitumia neno la kaskazini, egges, lililotoka kwa Wadenmaki. Mama akamjibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Jamaa akakasirika, kwa kuwa naye hakujua Kifaransa. Mwishowe mwenzake mmoja akatumia neno la kusini, eyren, na mama akaelewa. Caxton alikuwa akijiuliza achapishe lipi. Leo tunajua lipi lilishinda: neno la jirani.

Uchapaji ulifanya jambo jingine ambalo linawaumiza wanafunzi wetu kila siku. Tahajia ya Kiingereza ilianza kuganda wakati matamshi yakiwa katikati ya safari. Kati ya karne ya 15 na ya 17 irabu ndefu zote za Kiingereza zilihama. Kabla ya hapo name ilitamkwa karibu na "na-me", time karibu na "ti-me", na k ya knight ilisikika. Mtoto wa Ikungi anayesoma "na-me" ubaoni na kuchekwa na wenzake anakaribia sana kulitamka neno hilo kama alivyolitamka Chaucer. Kosa lake ni kusoma kilichoandikwa. Mwalimu angemweleza hivyo, badala ya kumwambia tu akariri, mtoto angejua kwamba akili yake ni nzima na kwamba tahajia ndiyo iliyochelewa.

Baada ya mchapaji huja mtunga kamusi. Waingereza wana Johnson wao, Samuel, aliyetoa kamusi yake mwaka 1755. Sisi tunaye Johnson mwingine. Frederick Johnson, Mwingereza aliyefanya kazi Tanganyika, alichapisha katika miaka ya 1920 maelezo marefu ya sarufi ya Kinyiramba katika jarida la Bantu Studies la Afrika Kusini, na baadaye akachapisha humo hadithi za Kinyiramba. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930 yeye ndiye aliyekuwa katibu wake wa kwanza. Alifariki mwaka 1937, na mwaka 1939 kamusi ya Kiswahili sanifu aliyokuwa akiisimamia ikatoka. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikuwa umekwisha kuchagua lahaja ya Unguja mjini kuwa msingi wa usanifu, kama vile lugha ya London ilivyozishinda lahaja nyingine za Kiingereza kwa kuwa karibu na ikulu na mtambo wa kuchapa. Kwa hiyo mtu aliyeipa Afrika Mashariki kamusi yake ya kiwango alikuwa amekwisha kuyasikiliza masimulizi ya Iramba. Sijawahi kuona habari hiyo katika kitabu cha shule.

Swali ambalo huulizwa kila mara linapotajwa Kiswahili sekondari ni kama kinaweza kubeba sayansi. Waingereza waliulizwa hilo juu ya lugha yao. Mwaka 1582 Richard Mulcaster, mwalimu mkuu wa shule moja ya London, aliandika kitabu kuitetea hadharani, akitaka elimu iandikwe kwa Kiingereza wakati wasomi wenzake wakiamini kwamba mambo mazito ni ya Kilatini. Miaka 105 baadaye Isaac Newton alieleza kanuni za mwendo na uvutano katika Principia, mwaka 1687, kwa Kilatini. Kitabu chake cha mwanga, Opticks, alikitoa mwaka 1704 kwa Kiingereza. Lugha haikuwa imebadilika sana katika miaka hiyo 17. Kilichobadilika ni watu ambao Newton alitaka wamsome.

Hapa kwetu, mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule ya msingi yote. Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ikapendekeza kiendelee mpaka sekondari. Serikali haikukubali, na Kiingereza kimebaki huko hadi leo. Ingia katika darasa la fizikia la Kidato cha Kwanza katika shule yoyote ya kata mkoani hapa. Mwalimu anaandika kanuni ya Newton ubaoni kwa Kiingereza. Anaisoma mara mbili. Anawatazama wanafunzi, anaweka chaki mezani, anashika daftari na kulisukuma pembeni, na kuanza kueleza kwa Kiswahili kwa nini daftari limesimama. Nyuma ya darasa mmoja anamfafanulia mwenzake kwa Kinyaturu. Wote wawili wameelewa. Kisha mwalimu anaichukua chaki tena, kwa sababu mtihani wa taifa utaulizwa na kujibiwa kwa Kiingereza.